Tusiilaumu Difu Kabla ya Kuitazama Mipira Yake

Katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki na ya Kati yapo bado magari ambayo umri wake unawapita madereva wanaoyaendesha. Ukisimama kando ya barabara kuu inayopita Kamenge, mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, utaziona Toyota nyingi zilizotoka Japani zikiwa na usukani upande wa kulia, ingawa nchini Burundi magari huendeshwa upande wa kulia wa barabara. Lakini mara mojamoja itapita pia Mercedes-Benz ya zamani, usukani wake upande wa kushoto, iliyotoka Ulaya wakati baba wa dereva wake alipokuwa angali kijana. Gari hilo ni lile ambalo watengenezaji wake walilipa nambari W123. Lilianza kuuzwa mwaka 1976, likakoma kuundwa kati ya 1985 na 1986, na jumla yake ilikaribia milioni 2.7. Kwa familia ya askari au ya polisi iliyobahatika kulipata, hasa lile la dizeli, ni gari la kutunzwa na kurithiwa, kwa kuwa injini yake haina mambo mengi na chuma chake ni cha kweli.

Hata hivyo chuma hakikai peke yake. Baina ya chuma na chuma wamewekewa mpira, na mpira huzeeka.

Hadithi yenyewe mara nyingi huanza kwa mlio mmoja tu. Baba anatia gia ya kurudi nyuma ili atoke uani, na mara kutoka chini ya kiti cha nyuma husikika ngo!, kama mtu aliyelipiga pipa tupu kwa ngumi. Siku ya kwanza watoto hucheka. Baada ya mwezi mlio huo husikika pia kila mguu unapoondolewa kwenye mafuta na kurudishwa, na baada ya miezi miwili nyuma ya gari huanza kutembea peke yake katika kona, mithili ya mkia wa samaki. Hapo gari hupelekwa kwa fundi wa kwanza anayepatikana, naye akiisha kulizungusha gurudumu mara moja kwa mkono hutoa hukumu: difu imekufa, itafutwe nyingine. Neno hilo ni zito katika nyumba. Difu nzima haipatikani kwa bei ya mboga. Huenda ikala ada ya shule ya muhula mzima, au fedha zilizokuwa zimewekwa kwa ajili ya mabati. Na baada ya gharama yote hiyo, difu iliyonunuliwa hufungwa juu ya mipira ileile iliyochakaa, gari huwashwa, gia hutiwa, na ngo! husikika vilevile.

Basi yafaa mwenye gari, na mama mwenye kushika daftari la matumizi ya nyumba, waifahamu mipira hiyo kabla ya kutoa fedha.

Mafundi wetu huiita bushi. Waliosoma ufundi kwa Kifaransa, nao ni wengi Bujumbura, huiita silentbloc. Bushi ya gari ni mirija miwili ya chuma, mmoja ndani ya mwingine, na kati yake umegandishwa mpira. Mrija wa nje hushikwa na mkono wa gari. Wa ndani hubanwa na bolti kwenye bodi au kwenye boriti ya chini. Mkono unapopanda na kushuka, mirija hiyo haizunguki kama beringi. Mpira ulio katikati ndio unaojipinda, kisha ukarudi mahali pake. Jambo hili ni dogo kulisoma, lakini ndilo lililo chanzo cha makosa mengi ya gereji, kama tutakavyoona huko mbele.

Zamani haikuwa hivyo. Magari ya nusu ya kwanza ya karne iliyopita yalikuwa na pini za chuma zilizohitaji kutiwa grisi kila baada ya safari chache, na dereva aliyesahau alisikia gari likilia kama mlango wa boma. Mpira ulikuja kuiondoa kazi hiyo. Uliwezekana kwa sababu Mmarekani Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 kuwa utomvu wa kauchuki ukipikwa pamoja na kiberiti hauyeyuki kwa joto wala kupasuka kwa baridi. Na hapa, kwa wale wanaoishi kandokando ya ziwa Tanganyika, si vibaya kukumbuka kwamba baada ya Dunlop kutoa tairi ya upepo mwaka 1888, tamaa ya kauchuki iliwaangukia watu wa nchi iliyo ng'ambo yao. Katika Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili, kati ya 1885 na 1908, wanakijiji walilazimishwa kwa bunduki na mijeledi kuigema mitambaa ya mwituni. Kipande cha mpira ukubwa wa ngumi kina historia ndefu kuliko gari linalokibeba.

Turudi chini ya gari. Katika W123 magurudumu ya nyuma hayakuunganishwa kwa ekseli moja nzima kama ya lori. Kila gurudumu lina mkono wake, uliokaa mshazari, na kila mkono umeshikwa kwa bushi mbili kwenye boriti ya chuma inayokatiza chini ya gari. Boriti hiyo nayo haikufungwa chuma kwa chuma na bodi. Inaning'inia kwenye mipira mikubwa miwili, mmoja kushoto na mmoja kulia, karibu na ncha za kiti cha nyuma. Difu imefungwa kwenye boriti, na upande wake wa nyuma umeshikwa na mpira wa tatu uliofungwa kwenye sakafu iliyo chini ya buti. Hesabu yake basi ni hii: mipira miwili ya boriti, mmoja wa difu, na bushi nne za mikono. Saba kwa jumla. Ukiongeza viungo viwili vya mpira vya propela, kimoja nyuma ya giaboksi na kingine mbele ya difu, umekwisha kuvitaja karibu vyote vinavyoweza kugonga huko nyuma bila ya difu yenyewe kuwa na kosa lolote.

Magari mengine yana mpangilio wake. Peugeot 504 ya abiria iliyotoka mwaka 1968, ambayo iliunganishwa pia Kenya na Nigeria, nyingi zake zilikuwa na magurudumu ya nyuma yanayojitegemea. Lakini ile ndefu ya familia na ile ya kubebea mizigo zilikuwa na ekseli nzima. Ile ya abiria ndiyo iliyompa Ove Andersson ushindi wa Safari Rally mwaka 1975. Corolla za zamani zenye kusukumwa na magurudumu ya nyuma zina ekseli nzima pia, na Land Rover ya askari ina springi za majani zenye bushi katika ncha zake. Kanuni ya mpira ni moja kwa zote, ila mahali pa kutazama hutofautiana.

Je, ni hatari kweli, au ni kelele tu? Jibu linategemea barabara. Anayekwenda sokoni na kurudi ataudhika tu. Lakini barabara ya taifa nambari 1 hutoka Bujumbura kwa kupitia Kamenge na kupanda hadi Bugarama, mwendo wa takriban kilometa 35, kutoka penye mita zipatazo 800 juu ya usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 2,000. Anayeijua barabara hiyo ajua kona zake, ukungu wake, malori yanayoteremka polepole kwa gia ndogo, na vijana wa baiskeli wanaoshuka kwa kasi na mikungu ya ndizi au wanaojishikiza nyuma ya malori wakati wa kupanda. Katika mteremko wa namna hiyo bushi za mikono zikiwa zimelegea, breki hulivuta gurudumu la nyuma upande mmoja na mafuta hulisukuma upande mwingine. Maana yake ni kwamba magurudumu ya nyuma nayo yanapinda, bila ya amri ya usukani. Dereva huondoa mguu kwenye mafuta katikati ya kona na kulikuta gari limejielekeza mahali ambapo hakulielekeza. Kwenye lami kavu hurekebisha kwa mkono. Mvua ya Aprili ikiwa inanyesha, na lori linapanda upande wa pili, nafasi ya kurekebisha huwa finyu sana.

Kwa hiyo kwanza ni kupima, na upimaji hauhitaji mashine. Uanze kwa masikio. Difu iliyokwisha kweli aghalabu huvuma au kulia kama king'ora, na sauti yake hubadilika dereva anapokanyaga mafuta na anapoachia. Beringi ya gurudumu hunguruma kwa kadiri ya mwendo, na haijali kama mguu umo kwenye mafuta au la. Mara nyingi hubadilika katika kona, uzito unapohamia upande mmoja. Mpira uliokufa hauvumi. Wenyewe hugonga, mara moja, pale nguvu inapogeuka: gia inapotiwa, mafuta yanapoachiwa, breki inaposhikwa kwa ghafla.

Baada ya masikio, macho. Zitazame tairi za nyuma. Zikiwa zimelika zaidi upande wa ndani, mikono haikai pake au springi zimelala. Kisha magurudumu ya mbele yawekewe vigingi, nyuma inyanyuliwe kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi madhubuti za chuma, injini ikiwa imezimwa kabisa. Ndipo mtu aingie chini na tochi. Mpira mzima ni mweusi, mkavu, na ukibonyezwa kwa kucha unarudi. Mpira mbovu umepasuka pembeni, au umechomoka kwenye chuma chake, au umevimba na kuwa laini kama ugali uliozidi maji. Huo uliovimba umekunywa oili, na hapa pana siri moja: ukiona mpira wa difu umelowa oili, usinunue mpira peke yake. Tafuta kwanza sili inayovuja, kwa kuwa oili ya difu itauharibu mpira mpya kama ilivyouharibu wa zamani.

Chukua mtaimbo, uupenyeze kati ya boriti na bodi, usukume kwa nguvu ya kadiri. Boriti inatakiwa isogee kidogo na kurudi. Ikiruka na kugonga chuma, mpira umekwisha. Linganisha kushoto na kulia. Kisha gari likiwa katika gia, kama ni lenye gia za mkono, mtu azungushe magurudumu yote mawili ya nyuma kwa pamoja, mbele na nyuma, na mwingine aangalie difu. Ikiwa pua ya difu inapanda na kushuka kama mtu anayesinzia, mshitakiwa amepatikana. Ikiwa imetulia tuli na mlio bado upo, vitazamwe viungo vya mpira vya propela, maana navyo hupasuka kuzunguka matundu ya bolti. Hayo yote ni kazi ya saa moja. Fundi asiyetaka kuitumia saa hiyo asipewe kazi ya siku mbili.

Katika ununuzi ndipo familia nyingi hupata hasara ya pili. Bujumbura vipuri hutafutwa sana Buyenzi, mtaa wa Waswahili ambao kwa miaka mingi umejulikana kwa mafundi na wauza vyuma. Kipuri cha gari la zamani chaweza kuwa kipya kilichopitia Dar es Salaam au Dubai, au kikawa kimefunguliwa kutoka gari lililochinjwa. Kwa chuma, kilichotumika si aibu. Kwa mpira, ni kutupa fedha: bushi iliyotoka kwenye gari la umri uleule ina umri uleule. Hata mpya iliyolala dukani miaka kumi imekwisha kuanza kufa, kwa sababu hewa na joto huila hata isipofanya kazi. Ibonyeze kwa kucha. Itazame kama ina nyufa nyembamba mpira unapokutana na chuma. Kama ina jina la kiwanda kinachojulikana kwa kazi hiyo, mathalani Lemförder ya Ujerumani, tazama kama maandishi yamo kwenye mpira au chuma chenyewe, au yamo kwenye boksi tu. Maboksi huchapwa popote.

Yapo pia yale ya kuchongwa. Katika miji yetu fundi hodari aweza kuchukua ubavu wa tairi ya lori, akauchonga kwa kisu kikali, akatoboa tundu, na bushi ikapatikana kwa bei ya soda chache. Mwandishi wa makala haya hawadharau mafundi hao, kwani malori mengi yamefika safari zake kwa ubunifu wao. Lakini mpira wa tairi umechanganyika na nyuzi, haukugandishwa na mrija wa chuma, nao badala ya kujipinda huteleza na kujisaga. Katika springi za majani za lori linalokwenda polepole unaweza kustahimili. Katika mkono wa nyuma wa gari litakaloshuka Bugarama na watoto watano ndani, hapana. Mipira ya plastiki ngumu inayouzwa kwa wapenda mashindano nayo inadumu, ila hupitisha kila kokoto la barabara hadi kwenye mgongo wa bibi aliyeketi nyuma.

Kama fedha hazitoshi kwa vyote saba, pana utaratibu wenye busara. Uanze na mpira wa difu na ile miwili ya boriti, ambayo kazi yake ni nyepesi na faida yake husikika siku ileile. Bushi nne za mikono zifuate, zote nne kwa pamoja, kwa kuwa kazi ya kuzifikia ndiyo iliyo ghali na hakuna mwenye akili atakayependa kuilipia mara mbili. Mipira ya boriti usibadilishe mmoja na kumwacha mwenzake; gari litasimama kishogoshogo, upande mmoja juu, mwingine chini.

Kazi yenyewe ina sehemu ambayo mwenye gari mwenye vifaa na mkono mtulivu aweza kuifanya uani kwake, na sehemu ya gereji. Mpira wa difu ni wa uani. Siku moja kabla, bolti zote zipakwe mafuta mepesi ya kupenya kutu, hasa ikiwa gari lilitumika Ubelgiji kabla ya kuja, kwani huko barabara hutiwa chumvi wakati wa barafu na kutu yake husafiri na gari. Difu iegemezwe kwa jeki yenye kipande cha ubao juu yake. Bolti zifunguliwe, difu ishushwe kidogo tu, mpira utolewe, mpya uwekwe, bolti zirudishwe. Wakati uko huko, tazama kiwango cha oili ya difu: oili inatakiwa kufika kwenye ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Ukitaka kuibadilisha, nayo ni kadiri ya lita moja tu, fungua kwanza kizibo cha kujazia kabla ya kile cha kumwagia. Wako waliomwaga yote kisha wakagundua kwamba kizibo cha juu kimeshika kutu hakifunguki, na gari likabaki pale.

Kwa mipira ya boriti ni lazima stendi ziwekwe chini ya bodi, mahali penye nguvu pa kunyanyulia, wala zisiwekwe chini ya boriti, kwa maana boriti ndiyo itakayoshuka. Jeki ikae chini ya boriti wakati wote. Fanya upande mmoja, umalize, ndipo uende wa pili. Bolti kubwa ya kati na bamba lake vikitoka, boriti hushushwa taratibu, na jicho liwe juu ya mipira ya breki na waya wa hendibreki visije vikavutika. Matofali, magogo na jeki peke yake havifai. Ndugu msomaji, hili halisemwi kwa kukutisha: gari hili lina uzito unaopita tani moja na robo, na tofali la Bujumbura hupasuka bila ya kutoa taarifa.

Bushi za mikono zina adui mwingine, naye ni springi. Springi ya nyuma iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja mkono au kuua, na hutakiwa kushikwa kwa kifaa chake maalumu cha kubania, kwa kamba au waya haishikiki. Lipo jambo jingine ambalo mafundi waliozoea magari ya Japani hulisahau. Katika W123 shokapu ndiyo inayozuia mkono usishuke kupita kiasi. Akiifungua bila ya kuuegemeza mkono kwa jeki, mkono huanguka, springi huruka, na viungo vya ekseli hunyongeka. Ile ya familia yenye mgongo mrefu ina shokapu za oili yenye shinikizo zinazolipandisha gari lenyewe. Hiyo ipelekwe kwa anayeijua. Kwa sababu hizi sehemu hii iachiwe gereji yenye kifaa cha springi, na mwenye gari awe msimamizi.

Msimamizi huyo aangalie mambo mawili. La kwanza ni namna bushi za zamani zinavyotolewa. Fundi mwenye haraka huwasha moto na kuuchoma mpira mpaka utoke. Moshi wake ni sumu, hukaa uani, na watoto huuvuta; tena joto huharibu rangi na kuukaribisha kutu. Njia safi ni kuusukuma nje kwa mashine ya kukandamiza au kwa bolti ndefu yenye nyuzi, washa nene na kipande cha bomba kilicho kipana kuliko bushi: nati inakazwa, bushi inahamia ndani ya bomba. Ikigoma, mrija wake hukatwa kwa ndani kwa msumeno wa chuma, pole pole, bila ya kuukwaruza mkono wenyewe. Bushi mpya huingia kwa njia ileile, ikilainishwa kwa maji ya sabuni. Grisi na oili hapana, kwa sababu iliyokwisha kuelezwa.

La pili ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo lile tulilosema tutalirudia. Gari likiwa juu ya stendi, mikono ya nyuma inaning'inia. Fundi akizikaza nati za bushi katika hali hiyo, anaufunga mrija wa ndani mkono ukiwa umeshuka. Gari likiteremshwa chini, mkono hupanda na mpira hunyongeka, na hukaa umenyongeka usiku na mchana, hata gari likiwa limelala. Katika mashimo hunyongeka zaidi. Bushi mpya, ya fedha nyingi, hupasuka katika miezi michache, na mwenye gari huambiwa kuwa siku hizi vipuri ni vya bandia. Pengine ni vya bandia, pengine havikuwa. Utaratibu sahihi ni kuzikaza nati kiasi cha kushika tu, kuliteremsha gari mpaka uzito wake wote ukae juu ya magurudumu manne, kulitikisatikisa ili springi zikae, na hapo ndipo zikazwe kabisa kwa nguvu iliyotajwa katika kitabu cha gari. Gereji yenye shimo hufanya hivyo kwa urahisi. Isiyo na shimo iliendeshe gari juu ya ngazi mbili za chuma zilizo imara. Mama akiwa ndiye aliyepeleka gari, na auulize swali hilo moja: nati zitakazwa gari likiwa juu au likiwa chini? Jibu la fundi litamwonyesha ameingia mahali gani.

Kazi ikiisha, bushi za zamani zote zirudishwe kwa mwenye gari zikiwa katika mfuko, zihesabiwe. Mipira ya breki kama ilifunguliwa, breki zitolewe hewa kabla gari halijasogea hata hatua moja. Magurudumu yapelekwe kupimwa mnyooko wake. Katika daftari liandikwe tarehe, kilometa zilizo kwenye dashibodi, jina lililokuwa kwenye bushi na kiasi kilicholipwa. Daftari hilo litamfaa hata atakayelinunua gari baadaye, na askari anayehamishwa kituo humwachia jamaa gari na daftari pamoja.

Katika miaka ya 2022 hadi 2025 Burundi ilipatwa na upungufu mkubwa wa mafuta, na magari mengi ya watu binafsi yalikaa uani kwa majuma. Gari lililokaa hivyo lina mipira iliyozoea kulala katika hali moja. Litakapotolewa tena, milio michache ya siku mbili tatu za kwanza isimtie mtu hofu. Ikizidi juma, tochi ichukuliwe. Na baada ya kilometa 500 tangu mipira mipya ifungwe, bolti za boriti na za difu zirudiwe kwa spana, gari likiwa limesimama chini kwa magurudumu yake.